Mguu mpana mbele, kisigino chembamba: namna ya kuchagua basketi za kukimbilia

Jambo ndugu zangu, karibuni. Niko hapa Goma, na mbele yangu kuna karatasi, kalamu, rula na mguu wangu. Uangalieni: mbele umetanuka kama kasia, nyuma kisigino ni chembamba, na kidole cha pili kinakipita kile kikubwa.

Kwa miaka mingi nilinunua namba 43, kwa sababu 42 zilinibana pembeni. Vidole vikapumua kidogo, lakini kisigino kikawa kinachomoka kila hatua. Kwenye mawe yetu haya meusi ya volkano hilo si jambo dogo. Nikiteremka, mguu unateleza ndani ya kiatu na vidole vinagonga mbele, mpaka kucha mbili zikawa nyeusi. Namba kubwa huongeza urefu, upana huongezeka kidogo sana.

Tuanze kupima. Subiri jioni, maana mguu huvimba kidogo baada ya shughuli za siku nzima. Vaa soksi zile zile za kukimbilia. Weka karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, kisha simama. Uzito wa mwili ndio unaotandaza mguu. Mtu mwingine akuchoree, na kalamu iwe wima. Mnaona hapa? Kalamu ikilala, inaingia chini ya unyayo na mchoro unatoka mwembamba kuliko mguu. Chora miguu yote miwili, kisha fuata ule mkubwa.

Pima hadi kwenye kidole kirefu kuliko vyote, hata kama si kile kikubwa. Wangu ni sentimita 26.5. Ongeza 1.5 ya nafasi, unapata 28. Zidisha kwa 1.5: ni 42. Hizo ni namba za Ulaya, ambazo kila moja ni theluthi mbili za sentimita. Kumbe 42 ilikuwa namba yangu siku zote, nilichokosa ni upana. Sasa kata mchoro kwa mkasi, uutie mfukoni.

Haya, tumefika soko la Virunga, kwenye mitumba. Omba ruhusa kwanza: “Mama, naweza kutoa soli ya ndani?” Nyingi hutoka bila shida. Laza mchoro wako juu yake, visigino vilingane. Kamera isogee hapa: kwenye kidole kidogo karatasi imezidi soli karibu upana wa kidole kizima. Hiki hapana, hata kama rangi inapendeza. Na hiki kingine? Karatasi imekaa ndani, na mbele kumebaki nafasi ya kidole gumba. Kiweke pembeni.

Muuzaji atakuambia, “Itapanuka tu, yaya.” Ngozi hupanuka. Kitambaa cha basketi hakipanuki kiasi cha kukuokoa, kwa hiyo usikubali.

Fungua ulimi wa kiatu usome kibandiko. Kwa vipimo vya Marekani, D ni upana wa kawaida wa kiatu cha mwanaume, 2E ni mpana, 4E ni mpana zaidi. Kwa wanawake kawaida ni B, na D tayari ni mpana. Dada mwenye mguu mpana asione haya kutafuta upande wa wanaume.

Kwa kuwa ni mitumba, kiweke juu ya ubao ukitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, kimeshafuata mguu wa mwenyewe wa kwanza, kiache.

Kisigino bado kinalegea? Hapo ndipo kamba zinasaidia. Matundu ya mbele, karibu na vidole, yaache bila kamba. Juu, pitisha kila kamba kwenye tundu la mwisho upande ule ule, bila kuvusha, ibaki kitanzi kidogo. Kamba ya kushoto iingie kitanzi cha kulia, ya kulia iingie cha kushoto. Vuta, funga. Niliporudia mara ya pili, polepole, nilihisi kisigino kimeshikwa vizuri.

Vaa vyote viwili, tafuta mteremko au ngazi, ushuke mbio mara kadhaa. Kisigino kikitulia na vidole visipogusa mbele, rudi umpe mama pesa yake.