Bendera Ilipopanda, Wamakonde Walikuwa Wapi?

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na wazee wetu mliofika kutoka upande wa Msambweni: shikamooni wazee.

Wiki nzima tunajadili uhuru na uraia, nami nimepewa upande wa historia. Nitashika jambo moja. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ilipopandisha bendera yake, palikuwa na watu humu humu pwani waliokuwa wamelima, wamezaa na wamezika hapa, na kulipokucha hawakuhesabiwa kuwa raia.

Wamakonde walitoka kaskazini mwa Msumbiji. Walikuja kukata mkonge Kwale, Kilifi na Taita Taveta, na kukata miwa Ramisi. Katiba ya uhuru ilimfanya raia moja kwa moja mtu aliyezaliwa Kenya ambaye angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya. Sasa mchukueni mtoto aliyezaliwa kambini Ramisi mwaka 1950, baba na mama wote wamezaliwa ng'ambo ya mto Ruvuma, huko Msumbiji. Huyo hajui kwao pengine. Hata hivyo alibaki nje, kwa sababu ya mahali walipozaliwa wazazi wake.

Kisa cha Wapemba, watu wa kisiwa cha Pemba huko Zanzibar ambao nao waliachwa nje, kinaniuma zaidi. Hadi mwaka huo huo wa 1963, ukanda wa maili kumi wa pwani ulikuwa kisheria mali ya Sultani wa Zanzibar, ingawa Mwingereza ndiye aliyeutawala. Oktoba 1963 serikali mbili zikakubaliana ukanda uingie Kenya. Mvuvi aliyetweka tanga Pemba akatia nanga Vanga alikuwa ametoka kwenye bendera ya Sultani na kufika kwenye bendera ya Sultani. Mpaka ulimkuta ameshajenga.

Vijana huniuliza: kwani kitambulisho ni kitu gani cha kulilia? Turudi nyuma kidogo. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kipande, kitambulisho cha wakati huo, mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaanza kuitekeleza. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma chenye kamba. Ndani mlikuwa na jina lake, kabila lake, alama za vidole, jina la bwana aliyemwajiri na mshahara aliolipwa. Akiacha kazi, bwana ndiye wa kutia sahihi. Bila sahihi hiyo alikuwa mtoro, na polisi walimsaka. Harry Thuku, kiongozi aliyeipinga serikali hiyo, alipokamatwa Machi 1922, watu walikusanyika Nairobi kumdai, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mstari wa mbele, na risasi zikamuua yeye na wengine. Kipande kilikuwa mojawapo ya mambo waliyoyapinga.

Basi babu alipigania kukivua, na mjukuu anapigania kupewa. Zote mbili ni vita vya uhuru, kwa sababu katika zote mbili anayeamua wewe ni nani ni mtu mwingine.

Mwangalieni mvuvi asiye na kitambulisho. Leseni ya uvuvi hapati. Laini ya simu hasajili, kwa hiyo hela ya samaki wake huingia kwenye simu ya jirani, naye husimama pembeni akingoja jirani akumbuke. Akaunti ya benki hana. Mwanawe anafika mwaka wa mtihani, shule inataka cheti cha kuzaliwa. Hakuna aliyemfunga pingu, lakini kila mlango anaougonga anaombwa karatasi ile ile.

Sheria ilikuwepo. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliruhusu watu wasio na uraia wowote waliokuwa wakiishi Kenya tangu uhuru waandikishwe, na ikaweka muda wa miaka mitano. Muda huo ulifika ukingoni Agosti 2016. Oktoba mwaka huo mamia ya Wamakonde na wenzao wakatoka Kwale kwa miguu kuelekea Ikulu. Polisi walijaribu kuwazuia njiani, wakakataa kurudi. Rais Uhuru Kenyatta akawapokea, akawaomba radhi kwa kungojeshwa, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Mwanzoni mwa 2017 vikaanza kutolewa, na Agosti wakapiga kura. Washona, ambao wahubiri wao walitoka Zimbabwe ya leo, walitangaziwa uraia wao Desemba 2020. Wapemba wakakabidhiwa vyeti na Rais William Ruto huko Kilifi, Julai 2023.

Nilishangilia kila mara. Lakini tazameni njia iliyotumika: mguu hadi Ikulu, tangazo la sikukuu, sherehe na jukwaa. Sheria ililala miaka mitano mpaka watu walipoiamsha kwa nyayo zao. Haki inayosubiri huruma ya mkubwa mmoja itamkuta mwingine mkubwa asiye na huruma, na mimi sioni kwa nini mzee wa Makongeni, makazi ya Wamakonde huko Kwale, amshukuru mtu kwa kupewa kilicho chake.

Hapa ndipo kazi yetu ya chuo inapoanza. Karatasi za mashamba zilikaa kwa wenye mashamba, na kiwanda cha Ramisi kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Ushahidi uliobaki kwamba watu hawa waliishi hapa uko vinywani. Ninyi wanafunzi wa historia mnajua kuuliza: ulikata miwa ya nani, nyapara aliitwa nani, mama alizikwa wapi, mvua kubwa ya 1961 ilikukuta kambi gani? Majibu hayo yakirekodiwa vizuri na kulinganishwa, ofisa wa uandikishaji atakuwa na kitu cha kusoma, na wakili atakuwa na kitu cha kupeleka mahakamani.

Wazee wamekubali kukaa nasi mchana huu. Vinasa sauti viko kwa katibu wa idara. Anayejua Kimakonde au Kipemba aje mbele kwanza.