Huku baridi ndio inasafisha: tunatoa sikukuu nyumbani Tampere

Mwangaluka wana Mwanza, shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo, na nyie wa Sengerema na Ukerewe mnaotuangaliaga usiku bando likishuka bei nawasalimu pia. Leo hatutembei mjini, leo tuko ndani tunatoa sikukuu nyumbani. Huku Ufini mti wa krismasi wengi wanautoa tarehe 6 Januari, wengine wanangojea mpaka tarehe 13, siku wanayoiita Nuutti, alafu hapo ndio nyumba zinaanza kusafishwa kweli kweli, na mmeniuliza sana, dada nyumba inasafishwaje wakati nje kote ni theluji na madirisha yamefungwa tangu mwezi wa kumi? Jibu langu ni kwamba baridi yenyewe ndio inasafisha.

Kule nyumbani kazi hii inafanywaga na jua. Wageni wa krismasi wakishaondoka kurudi Magu mama anatoa magodoro yote yanapandishwa juu ya mawe, watu wa Mabatini na Igogo mnalijua hili, jiwe likishika joto mchana godoro linapata moto juu na chini, linapigwa fimbo vumbi linaruka, jioni linarudi ndani linanukia jua. Sasa huku mwezi huu jua linachomoza kwenye saa tatu na nusu asubuhi na saa kumi haijafika limeshazama, na hata likiwepo joto lake hulisikii mwilini. Kwaiyo wenyeji wanatumia kile walichonacho kwa wingi.

Njooni nje niwaonyeshe. Leo ni mainasi 17, hii ndio siku yenyewe. Mnaona hili chuma hapa uani, karibu kila eneo la maghorofa linalo, ni la kutundikia mazulia na mablanketi unayapiga. Ila zulia mimi nalipenda kwenye theluji, na hapa sikilizeni vizuri maana kuna ndugu zetu wamefika huku mwaka huu na wanaangalia. Kwanza zulia linakaa nje kama nusu saa lipoe kabisa, ukilitoa ndani lina joto ukaliweka moja kwa moja kwenye theluji basi theluji inayeyuka linalowa, kazi imeharibika. Likishapoa unalilaza kifudifudi, yaani upande wa juu unaangalia theluji, unalipiga, unalisogeza pembeni pasafi unalipiga tena, na ile alama linayoacha mnaona wenyewe ilivyo nyeusi, huo ni uchafu uliokuwa chini ya miguu ya watoto. Na theluji lazima iwe kavu ya unga, siku ya sifuri sifuri usijaribu.

Mablanketi na mito inatundikwa tu masaa kadhaa. Baridi kali inapunguza wale wadudu wadogo wa vumbi wanaoletaga mafua ya kuwasha pua, ila mabaki yao hayatoki kwa baridi, hayo yanatoka kwa kupiga na kufua, ndio maana fimbo haikwepeki hata huku. Na kwa nyie wa nyumbani mtakaosema basi na kunguni tuwagandishe, inawezekana kwa nguo na vitu vidogo, unafunga kwenye mfuko unaweka kwenye friza inayofika kweli mainasi 18, siku nne bila kufungua, lakini sio ile sehemu ndogo ya juu ya friji ambayo barafu yenyewe inasuasua. Godoro hilo halisaidiki hivyo.

Alafu nguo. Shuka nimezianika hapa kibarazani asubuhi, saizi zimekauka mbao, zinasimama zenyewe, watoto wanacheka. Ila maji yanatoka hivyo hivyo, ile barafu kwenye kitambaa inaondoka inakuwa mvuke bila kupita kwenye maji, taratibu, zikibaki na unyevu kidogo naziingiza ndani zinamalizikia hapo. Na harufu yake jamani, ni safi mno, ndio kitu cha huku kinachokaribia kabisa harufu ya shuka za mama.

Turudi ndani maana vidole vinauma. Hii friza leo nimeizima. Mwaka mzima inajenga barafu ukutani, barafu ikiwa nene inakula umeme zaidi na nafasi inaisha, na huko Mwanza ukizima friza mchana kutwa samaki wako wanakuwa mashakani, lakini huku chakula chote nimekitoa kibarazani kwenye boksi, nje ni baridi kama frizani vile vile. Humu ndani nimeweka bakuli la maji ya moto nimefunga mlango, barafu inaachia yenyewe, msichokonoe kwa kisu, ukitoboa bomba la gesi friza imekufa. Na mnaona akiba yangu, dagaa wa soko la Kirumba Mwaloni hawa, michembe hii, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, hii imefungwa na bibi mwenyewe, vyote nimeviandika upya tarehe, vya zamani vinakaa mbele.

Sasa suala la hewa, hili naliongelea kwa uchungu kidogo kwasababu naona familia zetu nyingi huku zinaishi miezi sita bila kufungua dirisha kwa kuogopa baridi. Tumepika, tumeoga, tumewasha mishumaa sikukuu nzima, watu kumi sebuleni, hewa inachoka watoto wanaumwa vichwa. Fungueni. Fungua madirisha ya pande mbili za nyumba wazi kabisa, dakika tano, kumi ikizidi, hewa inapita inabadilika yote alafu unafunga, kuta na fanicha bado zina joto lake kwaiyo nyumba inarudi haraka. Kibaya ni kuacha dirisha wazi kidogo kutwa nzima, hapo unapoza ukuta na joto lote linapotea. Na hewa ya baridi kali haibebi maji mengi, ukiipasha moto ndani inakuwa kavu mno, ndio ile midomo inapasuka na ukigusa kitasa unapigwa shoti ndogo. Mimi shuka zangu zikimalizia kukaukia ndani zinasaidia hapo. Ila ukiona kioo kwa ndani kinatoa jasho kila asubuhi, ujue kwako unyevu ni mwingi, usianike tena humo, fungua.

Hili bomba chini ya dirisha ndio linapasha nyumba, maji ya moto yanatoka kwenye mtambo wa mji yanapita chini ya ardhi mpaka kwenye majengo yetu. Nimelisogezea sofa mbali leo. Wakati wa krismasi tulibananisha viti vikaliziba, na hiki kitasa chake kinapima joto la palepale kilipo, kikifunikwa na sofa au pazia kinadhani nyumba nzima imeshapata moto kinafunga maji, mnabaki mnatetemeka. Vumbi la nyuma yake nimelivuta na mashine. Na taa nimefuta vifuniko vyote, mnaona mwanga ulivyobadilika, kwenye nchi yenye giza hivi hii peke yake inabadilisha sura ya nyumba kuliko mapambo ya kununua.

Jikoni nawaonyesha kitu kimoja tu. Hili kabati juu ya sinki halina chini, ni waya, unaosha vyombo unavipanga humo maji yanadondoka kwenye sinki, unafunga mlango, basi. Yaani ni kichanja cha vyombo cha Usukumani kimeingia ndani ya kabati. Aliyelisukuma likaenea huku miaka ya 1940 ni mama mmoja wa Kifini anaitwa Maiju Gebhard, alikuwa anatafiti jinsi ya kupunguza kazi za akina mama majumbani, na mimi namheshimu sana mama huyu. Fundi wa Mwanza anaweza kulitengeneza, ni mbao na waya tu, na dagaa zako na vumbi la barabarani havikutani na sahani.

Chupa za sikukuu zile zinarudi dukani kwenye mashine, kopo unarudishiwa senti 15 za euro, chupa kubwa ya plastiki senti 40, watoto ndio wanaenda na hela ni yao.

Sasa hapa sakafuni, hivi ndio vitu tulivyotoa makabatini, na najua hapa ndio mnaposubiri. Nitasema kwa upendo. Zamani kila kinachotolewa kwenye nyumba ya mtu wa huku kilikuwa kinaingia kwenye boksi la kwenda nyumbani, na mimi hilo silipendi. Nguo iliyochakaa huku wana sehemu zake za kukusanya vitambaa vya kuchakata, inaenda huko. Mwanza sio mahali pa kutupia. Mlango Mmoja pale mitumba ni mingi na watu wanachagua kwa macho makali, kwanini ndugu yangu wa damu nimpe kile ambacho asingekinunua pale? Kwaiyo boksi la mwaka huu nimelipanga kwa kuuliza. Nimepiga simu Nyakato, Buhongwa, Nansio, kila mtu kasema anachotaka, na majibu yalinifundisha, mimi nilijua jaketi la winter halina kazi ziwani lakini mdogo wangu ni bodaboda, anatoka saa kumi na moja alfajiri kupeleka akina mama sokoni, upepo wa ziwa unampiga kifuani, jaketi ndio kitu cha kwanza alichotaja. Binamu anataka mashine ya kushonea, umeme wa huku na wa huko ni ule ule volti 230 ila plagi hazifanani, kwaiyo nimeshaweka na adapta ndani. Mama mdogo anataka mapazia mazito, anasema wale wadudu wa ziwani wakija jioni kama wingu taa inawaita wanajaa ndani, pazia likizuia mwanga nje hawaoni pa kwenda.

Tampere na Mwanza ni miji rafiki tangu 1988, wengi hamjui hilo, na huku nako tuko katikati ya maziwa mawili, saizi yameganda watu wanatembea juu yake. Kiangazi watu wanafulia mazulia kwenye vibanda vya maji pembeni ya ziwa, ila maji ya sabuni yanaingia kwenye bomba la maji machafu hayarudi ziwani. Kiangazi nitawapeleka mkaone, maana yale magugu maji yetu yanashiba kwa uchafu tunaoumwagia ziwani na hapo kuna la kuiga.

Mama mdogo, mapazia yapo mezani hapa, nimeyafua, yanasubiri kukatwa. Muombe mtoto apime dirisha la sebuleni na la chumba cha mbele, upana na urefu, aniandikie kwa sentimita, na apime kutoka kwenye fimbo ya pazia sio kutoka kwenye kioo. Boksi linafungwa Ijumaa.