Kufunga bati la rejeta kwenye Altezza: usifunge boneti kabla hujanisikiliza

Wadau, mambo vipi! Karibuni tena gereji, hapa Kijenge, Arusha. Leo tuna Toyota Altezza ya mteja, RS200, ile ya gia sita za mkono, na tunaifungia bati la alumini juu ya rejeta. Wengine mnaliita kuling pleti. Mimi nasema bati, maana ni bati. Na ndiyo, nayauza, msije mkasema nimewaficha.

Dogo, sogeza simu huku. Mnaona hii nafasi kati ya bampa na rejeta? Mkono wangu unazama mpaka kwenye kiwiko. Sasa hewa ni mvivu kuliko chalii wa kijiweni. Ikishaingia kwenye shoo, yaani wavu wa mbele, badala ya kuhangaika kupenya mapezi ya kondensa, ile ya AC iliyo mbele ya rejeta, na ya rejeta yenyewe, inaruka hapa juu na kupitiliza, haijapoza chochote. Halafu ukisimama, tuseme umekwama kwenye foleni pale soko la Kilombero, ile hewa ya moto iliyokwisha kupita kwenye rejeta inazunguka na kurudi mbele kupitia nafasi hii hii, na feni inaivuta tena. Bati linaziba hiyo njia. Basi, hakuna uchawi.

Kwa hiyo gari lako kama linachemsha, usininunulie bati! Angalia kwanza feni, thamostati, pampu ya maji, na mfuniko wa rejeta. Mfuniko mnaudharau sana. Hapa Arusha tuko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Ya kwenye rejeta yanavumilia zaidi kwa sababu ya presha, na mwenye kushika presha ni huo mfuniko. Springi yake ikichoka, bati langu halikufikishi Marangu. Na weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Maji ya bomba yanaleta kutu, na haya yetu yenye floridi yaacheni yahangaike na meno yetu.

Haya, kazi. Injini iwe imepoa. Boneti juu. Kama kuna kava la plastiki toa klipsi, hilo mnalijua. Bolti hizi mbili za namba 10, zinazoshika vishikio vya rejeta, toa. Ya kwanza hii. Ya pili... eh. Mmesikia? Imezama ndani ya bampa. Hii siikati, acha muone. Ndiyo maana nina sumaku hii ya kwenye fimbo, msiidharau. Ngoja. Ngoja kidogo. Haya, imekuja na ndugu yake, bolti ya fundi aliyenitangulia.

Kabla ya kulaza bati, pachika mpira huu kwenye ukingo wake wa mbele, ule utakaogusana na bampa. Ukiuruka, kila tuta litakuimbia taarabu, na rangi ya bampa itachubuka. Laza bati, rudisha bolti kwa vidole tu. Kwa vidole! Spana baadaye.

Sasa njooni karibu. Tundu hili la katikati, chini yake ndipo ilipo loki ya boneti. Ile U ya chuma iliyo chini ya boneti lazima ipite hapa katikati kabisa, isiguse popote. Usifunge boneti. Narudia, usifunge boneti.

Nilishafunga mimi. Gari la mteja kutoka Moshi, nimemaliza, najisifu, nikaidondosha boneti, paa! Ikajifunga. Kuivuta, haifunguki. Bati lilikuwa limesogea, ile U imebana kwenye ukingo wa tundu. Saa mbili na nusu nimelala chini ya gari, bampa imetoka, natafuta loki kwa bisibisi ndefu kama mtu anayevua samaki gizani. Mteja amekaa juu ya tairi, mwisho akaniuliza, "Dada, kwani umeanza kazi hii lini?" Nilimpa bati bure.

Kwa hiyo siku hizi nafanya hivi. Nachukua lipstiki, hii nyekundu, ya bei rahisi, msinitanie, naipaka kwenye ile U pande zote mbili. Dogo, weka simu juu ya boksi la spana, ingia ndani ya gari, vuta kamba ya boneti na usiiachie. Mmesikia? Asiachie. Kamba ikiwa imevutwa, loki haishiki, boneti haiwezi kujifunga hata ikitaka.

Najua mnaona aproni yangu tu, vumilieni. Nashusha boneti pole pole... inagusa... napandisha. Dogo, rudi, njoo uwaonyeshe. Pale! Ukingo wa kushoto wa tundu, alama nyekundu nyembamba kama ukucha. Hizo ni milimita mbili tu, na ndizo zilizonilaza chini ya gari. Nalegeza bolti, nasogeza bati kushoto kidogo, nafuta, napaka tena, tunarudia.

Ya pili safi. Kama lako limegoma kusogea zaidi, toa bati ukapige tupa mezani. Usichimbe wala kutoboa likiwa juu ya gari, vumbi la alumini litaingia kwenye mapezi ya kondensa.

Sasa spana. Fupi, kwa nguvu ya mkono tu. Hizi bolti ni ndogo, ukikaza kwa hasira uzi unakatika. Halafu jaribio la mwisho, boneti ikiwa bado juu: sukuma loki kwa bisibisi mpaka ilie "ka!", nenda ndani uvute kamba, ifyatuke. Mara tatu. Ikigoma hata mara moja, usifunge boneti.

Hii imefyatuka zote tatu. Nafunga. Dogo, vuta. Imefunguka. Naifunga tena kwa ajili ya roho yangu tu. Vuta. Safi.

Wenye Impreza, kabla hamjaagiza: nyingi zina mdomo wa kuvutia hewa ya injini hapa hapa juu ya rejeta. Bati lisilo na nafasi yake litaikaba injini pumzi. Nitumie picha ya hapo juu, boneti ikiwa wazi, nikwambie lipi linakufaa.

Dogo, zima. Na hiyo lipstiki irudi kwenye droo.