Mjue Mnyama Kwanza

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Kila ninapozungumza na vijana juu ya kazi ya vipindi vya wanyamapori kwenye televisheni, huulizwa kwanza ninunue kamera gani. Kamera itapatikana, hata ya kuazima. Adimu ni mtu anayemjua mnyama.

Tazameni Chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, zinakotoka sehemu ya maji tunayotumia hapa Mombasa. Alan Root na mkewe Joan walipiga filamu humo, wakizamia kwenye maji ya viboko. Siku moja kiboko aliwavamia: jino lake likatoboa miwani ya kuzamia ya Joan, na Alan akang'atwa mguu. Walinusurika. Kiboko huyo usiku hula nyasi nchi kavu, mchana akarudi majini kunya, na kinyesi chake ndicho kinacholisha viumbe wa chemchemi. Samaki nao humzunguka wakimsafisha ngozi. Asiyejua hayo atarudi na picha za migongo inayoelea tu.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye sauti, maana hapo naiona nafasi yenu. Lenzi ndefu humvuta chui aliye mbali sana, lakini maikrofoni haifiki huko. Kwa hiyo nyayo nyingi mnazozisikia hutengenezwa studio, mtu akikanyaga majani makavu au mchanga huku macho yake yakiwa kwenye picha. Ni kazi ya sikio na subira, na kijana wa Likoni au Bamburi aweza kuianza usiku huu: popo kwenye miembe, kasa akichimba shimo la mayai. Ila kwa kasa, zimeni tochi. Mwanga humtisha akarudi baharini bila kutaga.

Watangazaji wetu wapo. Jackson Looseyia, mwongoza watalii Mmaasai, alitangaza na BBC moja kwa moja kutoka Maasai Mara mwaka 2008. Paula Kahumbu aliwatafiti ndovu wa hifadhi ya Shimba Hills, kule Kwale, kwa shahada yake ya uzamivu, ndipo baadaye akaja kuwa na kipindi chake hapa Kenya. Bado inaniuma kwamba vipindi vingi vya ndovu ni vya Kiingereza, na mkulima wa Kwale ambaye ndovu huingia shambani mwake hasemeshwi kwa lugha yake.

Pesa? Wengi hulipwa kwa siku, na miezi mingine hakuna siku. Jipangeni mapema.

Sasa, ukishavuka Likoni, Shimba Hills si mbali. Nchini Kenya, palahala wa porini, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, wamebaki huko tu. Anayetaka nimwongoze aandike barua KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kuomba ruhusa ya kupiga picha, kisha aniletee dakika tatu za palahala pamoja na ukurasa mmoja: anakula nini, anakunywa saa ngapi, dume hufanya nini majike wakihama. Nitaanza na ukurasa.