Coney: Sungura Asiye Mjanja

Nimelisema mara nyingi na leo nalirudia. Ukikuta neno la zamani la Kiingereza la kumdharau mtu, na kamusi imekuandikia "mjinga" ikaishia hapo, usiridhike. Uliza: nani alikuwa akilitamka, na alikuwa akimwambia nani? Nachukua mfano mmoja tu, neno coney.

Coney ni sungura. Wanormani ndio waliowafuga Uingereza, kwa ajili ya nyama na manyoya, ndani ya maeneo maalumu yenye matundu. Kumkamata hakuhitaji mbio. Unatega kiwavu juu ya kila tundu, unamtumbukiza fereti, kinyama chembamba chenye meno makali, halafu unangoja. Sungura anatoka mbio na kuingia wavuni mwenyewe. Shikeni hapo: anaingia mwenyewe.

Sasa twendeni London, mwaka 1591. Mwandishi Robert Greene anachapa vijitabu vya kuwaanika matapeli wa karata, na humo coney ni jina la yule anayetapeliwa. Genge lina watu watatu. Wa kwanza anaitwa setter, wa pili verser, wa tatu barnacle. Wanavaa kiungwana, wanazurura kanisa kuu la St Paul's na mitaa ya Fleet Street, Holborn na Strand, hasa mahakama za Westminster zinapokaa, maana hapo ndipo wakulima wanapokuja mjini na kesi zao na fedha zao. Akionekana mtu wa shamba, koti la sufu iliyofumwa nyumbani na mkoba ubavuni, kazi inaanza.

Setter anamkabili: "Karibu London, bwana! Hawajambo huko kwetu?" Mkulima anashangaa. Setter anajibu: "Samahani, nilikufananisha; kwani wewe ni nani, mwenyeji wa wapi?" Mkulima, kwa adabu tu, anataja jina, kijiji na majirani. Setter anaaga, anakata kona, anamkabidhi verser habari zote. Hatua chache mbele verser anamwita mkulima kwa jina lake, anamuulizia jirani yake kwa jina, anamvuta wakanywe. Akikataa, wanaangusha shilingi njiani mbele yake ili "waiokote pamoja", na desturi inataka cha kuokota kinywewe pamoja. Akikataa tena, anaombwa apeleke barua kijijini, kwa malipo. Tazameni: kila mlango wanaobisha ni mlango wa utu. Salamu, ujirani, kugawana, kutumwa.

Mezani verser anamfundisha hila ya karata. Barnacle anaingia kama mgeni asiyejua lolote. Anaachiwa apoteze kidogo kidogo, dau linapanda, mkulima anaweka vyote alivyo navyo, na karata inageuka.

Mtaniambia: basi mkulima naye alitaka kumwibia mgeni yule. Ndiyo, alitaka, na Greene hakuficha. Lakini tamaa ile ilipandwa mezani, baada ya urafiki wa uongo. Huyo si mpumbavu. Ni mgeni aliyewindwa. Kamusi ikimwita mpumbavu imechukua ushahidi wa mwizi na kuufanya hukumu.

Na tafsiri? "Sungura" haifai hata kidogo. Sungura wetu ndiye anayemwingiza fisi mtegoni. Msomaji atadhani mkulima ndiye tapeli! Mambo yanazidi kuwa magumu ukifika kwenye Biblia ya Kiingereza ya 1611. Wale wafasiri hawakuwa na jina la mnyama wa miambani aliyetajwa katika Mithali 30, wakamwandika coney. Sisi tunamjua, Biblia yetu inamwita wibari, na anahesabiwa miongoni mwa viumbe vinne vidogo vyenye akili nyingi. Neno moja, zama moja: barabarani ni mtu wa kuliwa fedha, kanisani ni mwenye hekima.

Kiswahili kina akiba bora kuliko kamusi zinavyoonyesha. Mtaani tunasema mtu "ameingizwa mjini". Hiyo ndiyo tafsiri! Ina mji, ina mgeni, ina anayemwingiza. Hata "mjinga" wa zamani wa pwani alikuwa mtu aliyefika karibuni, asiyejua mambo ya mji. Maana hiyo tumeiacha ikafifia. Kwa hiyo mhusika tapeli anapozungumza, mpe "boya" au "mshamba", acha kejeli iwe yake. Msimuliaji anapozungumza, andika "windo". Kitenzi kiwe kuingizwa mjini, wala usikichoshe kwa maelezo.

Muda umekwisha, na nilitaka kufika kwa gull, kinda la ndege, na gudgeon, samaki mdogo anayemeza chambo chochote. Na woodcock, ndege mwepesi kunasa. Wote hao waliitiwa watu, na wote, angalieni, ni mawindo. Kazi ya nyumbani: chukueni gudgeon, mniletee neno la wavuvi.