Sauti za Seitenstettengasse

Haya jamani nashukuru mmekuja, leo tuongelee Vienna, mji mkuu wa Austria, na sio ile Vienna ya Mozart mnayoisikia kila siku, tuingie uchochoroni Seitenstettengasse. Ukipita pale unaona ghorofa la makazi la kawaida tu, hujui kama nyuma yake kuna sinagogi, na sababu ni sheria, mwaka 1826 nyumba ya ibada isiyo ya Kikatoliki ilikuwa hairuhusiwi kuonekana toka mtaani. Kwahiyo Wayahudi wakajenga kwa ndani, ukumbi wa umbo la yai, nguzo 12, wanawake wanakaa roshani za juu.

Humo ndo akaletwa kijana wa miaka 22 kutoka mji mdogo wa Hohenems, Salomon Sulzer. Kazi yake hazani, yani yule anayeongoza sala kwa kuimba, maana kwa Wayahudi sala haisomwi kavukavu, Sabato ina mahadhi yake na siku za toba zina yake. Zamani hazani alisimama na wasaidizi wawili, mmoja besi mmoja mtoto wa sauti nyembamba, wanapamba wanavyojisikia mpaka maneno yenyewe yanapotea. Sulzer hakuyatupa mahadhi ya wazee, hapa ndo namheshimu sana, aliyasafisha akayaandikia noti za sauti nne akafundisha kwaya ya wanaume na wavulana, kinanda hakuna, ni makoo ya watu tu. Wasio Wayahudi wakawa wanakuja kumsikiliza, Franz Liszt, yule mpiga piano maarufu, mmojawapo. Na Schubert, mtunzi wa muziki wa hapohapo Vienna, 1828, miezi michache kabla hajafariki, akamtungia Zaburi ya 92, ile ya ni neno jema kumshukuru Bwana, tena kwa Kiebrania chenyewe! Mtu wa familia ya Kikatoliki huyo.

Halafu Novemba 1938. Wanazi wakachoma na kubomoa masinagogi Vienna nzima, hili wakaingia wakaliharibu ndani lakini moto hawakuwasha maana limebanana na nyumba za watu, zingeungua zote. Ile sheria ya kuwaficha ndo ikaja kuzinusuru kuta. Kuta tu. Wayahudi wa Austria zaidi ya 65,000 waliuawa, na humo wamo walioijua ile kwaya tangu utotoni.

Vitabu vya noti vya Sulzer vilikuwa vimeshasambaa mbali siku nyingi, ndo maana leo masinagogi mengi tu, hadi Marekani, Torati ikitolewa sandukuni watu wanaitikia Shema Yisrael, yani "Sikia, Ee Israeli", kwa mahadhi yake na wengi hata jina lake hawalijui. Naomba tutulie kidogo, niwawekee muisikie.