Krimu ya kunyolea kwa ngozi kavu na nyeti: geuza tyubu, soma mgongoni

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena saluni kwetu Mbagala. Leo kwenye kiti nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Ana miaka 18, wembe haujawahi kupita usoni kwake. Ndevu zimeanza kujaa hapa chini ya kidevu na Jumamosi ijayo ana mahafali. Kaniambia, "Mjomba, nataka kunyoa lakini naogopa, ngozi yangu unaijua." Naijua kweli. Utotoni alikuwa na pumu ya ngozi, na mpaka leo akiogea sabuni kali mashavu yanapauka na kukakamaa. Sogea wakuone. Mnaviona hivi vijigamba vyeupe pembeni ya mdomo? Nilimwomba asipake mafuta leo ili mvione.

Basi video hii ni ya mtu kama yeye. Ngozi kavu, ngozi nyeti, na hujui uanzie wapi ukisimama dukani mbele ya rafu.

Mezani nina tyubu nne na kopo moja. Kabla ya chochote, hii tyubu ya kwanza naitoa. Itazameni vizuri. Ina picha ya ngozi nyororo, imepangwa rafu moja na krimu za kunyolea, bei karibu sawa. Lakini hii si krimu ya kunyolea. Hii ni krimu ya kuondoa nywele, inayeyusha nywele yenyewe bila wembe. Geuza nyuma. Ukiona neno linaloishia na "Thioglycolate", iwe Potassium au Calcium, irudishe kwenye rafu. Nasema tena, maana hapa ndipo nilipomuumiza mtu. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nilinunua tyubu kama hii nikidhani ni ya povu. Nikampaka mteja mashavu yote mawili, nikamwacha nikaenda kubadilisha wembe. Niliporudi ameshika mikono ya kiti, machozi yanamtoka. Niliosha kwa maji mengi, lakini shavu la kushoto lilikuwa limeshababuka. Nililipa dawa, na kila siku mbili nilikuwa naenda kwake kumwangalia mpaka alipopona. Kwa hiyo ukinunua chochote, angalia Thioglycolate kwanza. Na zile poda za kukoroga na maji zinazonuka kama yai bovu ni ndugu zake hizi. Wapo wenye vipele sugu wanaozitumia na zinawasaidia, lakini wewe unayeanza, mwenye ngozi kavu, usianzie huko.

Haya, tyubu ya pili. Hii ni ya mnanaa. Ukiifungua tu, pua inafunguka. Vijana wengi wanaipenda kwa sababu ikigusa uso unasikia baridi, wanasema "hii inatuliza." Ule ubaridi ni mentholi inaamsha mishipa ya fahamu ihisi baridi. Ngozi yako haijapoa wala haijalainika, imedanganywa. Mwenye ngozi ya mafuta, isiyo na matatizo, atainyolea miaka na miaka. Ngozi nyeti itachonyota, na ukiwa na mkwaruzo mdogo tu utaruka kwenye kiti. Ninaiuza hapa saluni, ila ukija na mashavu kama ya huyu mpwa wangu sikupi.

Sasa... samahani, simu inateleza. Subirini niiegemeze kwenye kopo la taulo. Mnaniona? Haya.

Kusoma mgongo wa tyubu ni hivi. Viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo. Kwa hiyo macho yako yakae kwenye vile vitano sita vya mwanzo, hivyo ndivyo unavyojipaka. Unataka uone "Glycerin" huku juu. Glisarini inavuta maji na kuyashikilia kwenye ngozi, na ndiyo inayoufanya wembe uteleze. "Butyrospermum Parkii" ukiiona, usiogope jina, ni mafuta ya shea. Ukikuta "Alcohol Denat." huku juu, hiyo ni spiriti, inakausha, achana nayo. Ila sasa sikilizeni, maana watu wengi wanakosea hapa: "Cetyl Alcohol", "Cetearyl Alcohol", "Stearyl Alcohol" si spiriti. Ni mafuta yaliyoganda kama nta, yanalainisha. Wiki iliyopita dada mmoja alinirudishia krimu nzuri kabisa ya mume wake kwa sababu aliona neno Alcohol. Tukakaa hapo kwenye benchi tukasoma pamoja, akaondoka nayo.

Halafu manukato. Mgongoni huandikwa "Parfum" au "Fragrance", mara nyingi mwishoni mwishoni, na pembeni yake unakuta "Limonene" na "Linalool". Ukiwa na ngozi nyeti, hawa wa mwishoni ndio huleta muwasho, ingawa ni kidogo. Tafuta iliyoandikwa "Fragrance Free". Iliyoandikwa "Unscented" si lazima iwe kitu kilekile, inaweza kuwa imewekewa manukato ya kuficha harufu nyingine. Mimi napenda krimu inayonukia, nakiri, lakini uso wa mtu mwingine siuchagulii kwa pua yangu.

Kopo la povu, haraka haraka: unabonyeza, linatoka, unapaka. Yapo mazuri ya ngozi nyeti, yasiyo na spiriti. Tatizo lake kwa ngozi kavu ni kwamba povu ni jepesi, limejaa hewa, linakauka upesi. Na ndani mna gesi inayowaka moto, kwa hiyo lisikae karibu na jiko wala kwenye gari juani.

Zimebaki mbili, na hizi ndizo nilizotaka mzione.

Hii ni ya brashi. Ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Nakamua kiasi cha punje ya harage kwenye bakuli, brashi imelowa nimeikung'uta, nazungusha. Nazungusha... Ngoja. Mnaliona hili? Mapovu makubwa, yanapasuka, linakatika kama povu la kufulia. Leteni kamera karibu. Haya ni maji ya kisima cha hapo nyuma, yana chumvi, na krimu ya brashi kwa asili ni sabuni. Sabuni na maji magumu hazipatani. Wengi mnalaumu krimu kumbe ni maji. Namwaga, naanza upya na maji ya bomba tuliyokinga jana. Krimu ileile, kiasi kilekile. Nazungusha, naongeza maji matone, si kikombe, matone. Tazameni sasa. Linang'aa, zito kama mtindi, ukiinua brashi linasimama na kupinda kichwa. Hakuna tundu hata moja. Hilo ndilo povu.

Naomba mtu azime feni, linaukausha uso wangu.

Najipaka mwenyewe hapa shavuni. Nimeshanawa kwa maji ya uvuguvugu dakika 3, maana ndevu zikinywa maji zinalainika na kukatika kwa urahisi. Ukinyoa ukitoka kuoga, hiyo hatua umeshaimaliza. Wembe unafuata nywele zinakoelekea, mkono mwepesi, suuza kila ukipitisha. Hayo mengine mnayajua. Nitasisitiza tu kwamba nywele zetu zinajikunja. Ukizikata kwa kupandisha wembe kinyume, ncha inabaki chini, inajikunja na kurudi ndani ya ngozi, ndicho kile kipele cha shingoni. Krimu nzuri inapunguza mikwaruzo, lakini haiwezi kukuzuia kupandisha wembe. Na wembe ukiutumia mara 5 hadi 7, tupa.

Pamoja na mapenzi yangu yote kwa brashi, mpwa wangu simpi hii. Brashi inasugua, na sabuni, hata yenye glisarini, inaondoa mafuta machache aliyonayo. Wake ni hii ya mwisho. Haitoi povu kabisa. Inaonekana kama losheni nzito, unapaka kwa vidole. Wateja wanaikataa kwa sababu hawaoni povu, wanahisi hawajanyolewa. Tazameni kwenye kidole changu: nyeupe, nzito, nikiisugua inaacha utelezi na haipotei. Mgongoni maji, kisha asidi ya stiariki, ambayo ni aina ya mafuta, kisha glisarini. Haina Parfum. Haina mentholi. Thioglycolate? Someni wenyewe, nimeisogeza. Hakuna.

"Sasa mjomba, tunanyoa?"

Leo hatunyoi. Nyoosha mkono.

Hapa, upande wa ndani wa kiwiko, ngozi ni nyembamba. Napaka kiasi cha shilingi mia moja, naacha dakika 5, muda uleule ambao ingekaa usoni, halafu nasuuza. Usiiache usiku kucha, hii imetengenezwa ioshwe, ukiilaza itawasha hata kama haina kosa. Utapaka asubuhi na jioni, palepale, mpaka Ijumaa. Pakivimba, pakitoka vipele au pakiwasha, tunaacha, tunatafuta nyingine. Na wewe unayetazama, kama mashavu yana vidonda, yanatoa majimaji, au umekuwa ukipaka mkorogo na ngozi imekuwa nyembamba, usijaribu krimu yoyote kwanza. Nenda kamwone daktari wa ngozi, wembe utakusubiri.

Naona tayari mmeanza kuuliza spiriti na Dettol baada ya kunyoa. Kwa ngozi hii, hapana. Maji ya baridi, taulo safi unagusisha bila kufuta, halafu mafuta yako yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu. Vaselini inatosha.

Dakika 5 zimeisha. Suuza. Inawasha?

"Hapana mjomba. Inateleza tu."

Haya, lete nichore mduara kwa kalamu kuzunguka hapa, usije ukasahau mahali. Hii tyubu nenda nayo nyumbani, mwambie mama yako asiitumie kwa miguu yake mpaka Ijumaa ipite. Jumamosi saa 1 asubuhi uje umeshaoga, unionyeshe huu mduara kwanza.